Nikilipa kodi ya miezi sita sibaki hata na hela ya godoro

Shikamoo mama,

Nina miaka 25, ni mwenyeji wa Singida, na nafanya kazi ya keshia kwenye duka la jumla Kariakoo. Tangu nije Dar naishi kwa mama mdogo Chanika. Hanisumbui hata kidogo. Nakula kwake, nalala chumba kimoja na wadogo zangu. Tatizo ni njia. Naamka saa kumi alfajiri ili niwahi gari, jioni nafika saa tatu, na siku za kuhesabu mzigo nafika saa tano usiku. Nimeamua kupanga karibu na kazi. Sijawahi kupanga, chuoni nilikaa hosteli.

Mshahara ukishakatwa kila kitu napokea 480,000. Kwa kujibana, na kwa mchezo tunaocheza na wenzangu dukani, nimefikisha 900,000.

Nilipata dalali, akanitoza 15,000 ya kuzunguka, akanionyesha vyumba viwili. Cha kwanza kipo Tabata, chumba masta kizuri, 120,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, yaani 720,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, 120,000. Jumla 840,000. Nitabaki na 60,000, na sina godoro, sina jiko, sina hata ndoo.

Cha pili kipo Buguruni, 60,000 kwa miezi mitatu, choo cha nje kinachotumiwa na vyumba sita. Sikukipenda, siwezi kukudanganya.

Moyo uko Tabata, ila kuna mambo yananitia wasiwasi. Mwenye nyumba sijamwona, anaishi Kigamboni, na nyumba inaangaliwa na mdogo wake. LUKU ni moja kwa vyumba vinne, kila chumba kinatoa 15,000 kwa mwezi, ikiisha mnachanga tena. Ukutani kuna alama ya maji usawa wa magoti. Wamepaka rangi juu yake lakini inaonekana. Kitasa cha mlango kimelegea na bomba la chooni linachuruzika. Nilipouliza mkataba, dalali akasema mkataba ni baada ya kulipa, kwanza nitoe 50,000 ya kishika uchumba leo leo, kuna kaka anatoka benki anakitaka hicho hicho. Huyo mdogo wa mwenye nyumba akaniuliza kama nimeolewa, akasema hawataki wageni wa usiku na geti linafungwa saa nne.

Mwenzangu wa dukani anasema nisibembeleze, mwenye nyumba akiona unabembeleza anajua huna hela. Mama mdogo anasema msichana haendi kujadili nyumba peke yake, nimwite mjomba aongee. Na mimi nikisimama mbele ya mtu mzima na mali yake, ulimi unakuwa mzito.

Nitoe hiyo 50,000? Na kodi inajadiliwaje?

Mtoto wa Singida, Chanika

*

Marahaba mwanangu.

Hiyo 50,000 usiitoe. Huyo kaka anayetoka benki namfahamu, yupo kwenye kila chumba kinachopangishwa Dar es Salaam, na hajawahi kufika. Kama yupo kweli na analipa leo, basi chumba ni riziki yake. Kishika uchumba chenyewe si kitu kibaya. Lakini kinatolewa kwa mwenye nyumba, mkiwa mmeshakubaliana bei na miezi, na kuna karatasi inayosema kitaingia kwenye kodi na kitarudishwa kama atakayegeuka ni yeye. Wewe hata hamjazungumza. Utashikilia nini?

Nikwambie pia kwamba mimi mwenyewe nina vyumba viwili vya uani ninavyopangisha. Kwa hiyo najua kidogo mwenye nyumba anawaza nini akikuona unaingia getini.

Kabla ya kodi, hiyo alama ya maji. Ndiyo iliyonishtua kuliko miezi sita. Tabata ni kubwa na sehemu nyingi ni kukavu, lakini zipo za kuelekea bonde la Msimbazi ambazo masika ikikolea watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Rudi pale jioni, bila dalali, wapangaji wakiwa wamerudi makazini. Wasalimie, kaa na wale akina dada wanaopika nje, uliza mambo matatu tu: maji yaliingia lini, chumba hiki kimekaa tupu tangu lini, na aliyekuwamo alihama kwa nini. Wakikwambia bomba lilipasuka mara moja, endelea. Wakikwambia kila mvua kubwa wanachota maji ndani, geuza, usijadili chochote. Mafuriko hayapunguziwi bei. Na ukiwa umeshalipa nusu mwaka, hutakuwa na hela ya kuhamia kwingine siku maji yatakapoingia.

Na hapo ndipo penye kiini cha barua yako. Watu wanaogombana na mwenye nyumba juu ya elfu kumi ya mwezi wanagombania kitu kidogo. Kikubwa ni miezi. Mwenye nyumba aliyepokea miezi sita hana haraka ya kufunga bomba lako. Aliyepokea mitatu anajua utakuja tena kukaa mbele yake hivi karibuni, na anataka ukija uje na hela, siyo na malalamiko.

Mwenzako wa dukani kapatia nusu. Bei ya mwezi ni ngumu kushuka. Mimi nikimpunguzia mpangaji mmoja, wiki haiishi wa chumba cha pili kanijia kuuliza yeye ana kosa gani. Kodi ikishashuka, kuipandisha ni ugomvi. Lakini miezi haionekani kwa jirani, na matengenezo ni rahisi zaidi kukubaliwa, maana hela inabaki kwenye nyumba yake. Kwa hiyo hiyo 120,000 iache ilivyo, isipokuwa ukisikia chumba kimekaa tupu muda mrefu. Kila mwezi kinapolala bila mtu, 120,000 yake imepotea, naye anajua. Hapo unaweza kutaja 100,000 bila aibu.

Tuangalie mfuko wako. Ukilipa 840,000 huna nyumba, una chumba kitupu chenye mtu amekaa sakafuni. Miezi mitatu na dalali ni 480,000, unabaki na 420,000. Minne na dalali ni 600,000, unabaki na 300,000, na hiyo inatosha godoro, mtungi mdogo wa gesi, pazia, sufuria mbili na nauli mpaka mshahara. Kikomo chako kiwe 600,000 zote kwa pamoja, na ukijue kabla hujafika, maana ukishafika utaona marumaru na akili itahama.

Sasa kwa nini anataka sita? Mara nyingi si roho mbaya. Pengine kuna ada ya watoto, au anapaua nyumba nyingine, au aliwahi kupata mpangaji aliyelipa mwezi mmoja kisha akazima simu. Wewe huwezi kumlipia ada, lakini hofu ya simu kuzimwa unaweza kumwondolea. Nenda na kitambulisho cha kazi, cha NIDA, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wenu huko Chanika. Mweleze unafanya kazi wapi. Kisha sema hivi, kwa adabu na bila maelezo marefu: "Mzee, chumba nimekipenda, na bei sina neno nayo. Naomba nianze na miezi mitatu, na mitatu inayofuata niilete kabla hii haijaisha, tuandike tarehe." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, najua, lakini wewe unaogopa ulimi mzito na hapa huo ulimi mzito unakufaa. Wengi tunaharibu kwa kuanza kujieleza: mama anaumwa, mshahara mdogo, Dar ngumu. Ukianza hayo umeacha kuwa mpangaji, umekuwa mtu wa kuonewa huruma.

Atasema hapana. Hapana ya kwanza ni desturi, kama vile muuza vitenge hapo Kariakoo kwenu. Wewe sema: "Basi minne, na kitasa na bomba vitengenezwe kabla sijahamia." Akisema hana fundi kwa sasa, mwambie utatengeneza wewe, mkadirie gharama pamoja, ikatwe kwenye malipo yanayofuata, na iandikwe. Bila kuandikwa, hela ya fundi ni sadaka. Akikataa minne pia, shukuru, omba namba yake, ondoka. Wapo wanaopiga simu baada ya siku chache. Asipopiga, Dar haijaisha vyumba. Na kile cha Buguruni usikidharau. Choo cha kushea ni kero, lakini 240,000 unaingia, na unaweza kukaa miezi mitatu huku unatafuta kwa utulivu. Kwa vyovyote vile, kuwa na chumba kingine mfukoni kutakusaidia kusema hapana.

Lakini hayo yote umwambie mwenye nyumba, siyo mdogo wake wala dalali. Kigamboni si Ulaya, panda pantoni umfuate, au aje. Usilipe kodi ya nyumba kwa mtu ambaye mwenye nyumba hujamwona. Nyumba nyingi za hapa mjini ni za urithi, baba alifariki, watoto hawajagawana, kaka anapangisha mlango wa mbele na mdogo anapangisha wa nyuma, kila mmoja anapokea za kwake. Pita ofisi ya serikali ya mtaa pale Tabata, au kwa mjumbe, uulize nyumba ile ni ya nani na kama ina mgogoro. Wanajua. Siku ya kulipa, lipa benki au kwa simu, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea kwenye simu. Lisipofanana na jina lililo kwenye mkataba, hulipi, hata wakikwambia ni laini ya shemeji.

Mkataba baada ya kulipa ni maneno ya dalali. Mkataba unasainiwa kabla au pale pale hela inapopita. Watu wengi wanadhani kuna sheria inayopanga kodi na itakayowatetea. Ilikuwepo, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano yenu wawili, na kinachokutetea ni kile mlichoandika. Kwa hiyo andikeni: majina na namba za vitambulisho, kiasi, miezi inayoanzia tarehe ipi mpaka ipi, kwamba kodi haipandi ndani ya mkataba, notisi ya muda gani kwa kila upande, nani anatengeneza nini, na hali ya chumba siku unaingia. Alama ya maji nayo iandikwe, usije ukadaiwa rangi siku ya kutoka. Kasainini mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, kila mtu abaki na nakala yake. Ikitokea mgogoro mkubwa, Baraza la Kata linasuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linaloamua, na kote huko watakuuliza karatasi kwanza.

LUKU sasa. Hili hujalifikiria vya kutosha na litakula hela yako polepole. Vyumba vinne vikitoa 15,000 kila kimoja ni 60,000. Kwa bei za kawaida zinazotumika sasa, 10,000 inaleta uniti kama 28, kwa hiyo mnachoma kama uniti 168 kwa mwezi. Ungekuwa na mita yako, mtu mmoja mwenye taa, feni na simu, ungekaa chini ya uniti 75, na wanaotumia chini ya hapo wanauziwa kwa bei nafuu: 10,000 inawaletea zaidi ya uniti 80. Yaani umeme wako wa mwezi mzima ungekuwa chini ya hizo 15,000, na bado ungebaki na chenji. Kwenye mita ya kushea unafuu huo haupo, na juu yake unamlipia mwenye friji na mwenye kupiga pasi za watu. Omba ufungiwe submita ya chumba chako, ulipe ulichotumia. Hiyo iingize kwenye mazungumzo pamoja na kitasa na bomba. Mimi ningekuwa wewe ningeikomalia kuliko punguzo la elfu tano. Kuna pia kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Hiyo ni ya mwenye nyumba, siyo yako. Kwa mita ya kushea ni hela ndogo, usiigombanie, ila ijue.

Dalali asikutishe. Kodi ya mwezi mmoja ni desturi ya mjini na utailipa, lakini siku unayokabidhiwa funguo, siyo kabla. Mwombe akate ile 15,000 uliyokwisha kutoa. Na usimtume akujadilie. Malipo yake ni kodi ya mwezi, kodi ikishuka na yake inashuka, sasa akupiganie ili iweje?

Kuhusu swali la ndoa, jibu ni "sijaolewa, nafanya kazi", basi. Hudaiwi maelezo. Masharti ya wageni uliza yana maana gani hasa: mdogo wako akija kutoka Chanika akalala, ni kosa? Mama yako akija kutoka Singida wiki mbili? Geti la saa nne halikufai kabisa, maana siku za kuhesabu mzigo unatoka usiku. Omba ufunguo wako wa geti, na kama hawatoi, chumba hicho hakikufai hata kingekuwa bure. Na siku unayohamia, kitasa kipya ununue wewe na funguo zote ubaki nazo wewe. Simtuhumu huyo kijana anayeangalia nyumba. Lakini mtu aliyeanza na swali la mume hapaswi kuwa na ufunguo wa pili wa chumba chako.

Mama mdogo yupo sahihi kwamba usiende peke yako, hajapatia kwamba mjomba ndiye aongee. Nenda naye, au nenda na mjomba, wakae kama mashahidi na wasaini kwenye karatasi. Mwenye nyumba akiona una watu wazima nyuma yako, atakupima tofauti. Hela taja wewe. Ndiwe utakayempigia simu bomba likipasuka, na ni vizuri aanze kuizoea sauti yako.

Ukifanikiwa kupata mitatu au minne, mchezo wenu wa dukani panga upokee mwezi mmoja kabla ya awamu ya pili. Na tarehe ya kulipa kwenye mkataba isiwe tarehe 1. Andikeni tarehe 10. Mishahara ya Kariakoo tunaijua.